Bukari nyeupe si mila: neno juu ya byakula bya bankambo na magonjwa ya leo

Mwacha mila ni mtumwa. Ndivyo tulivyofundishwa toka utoto, na kila mara tunapokusanyika kuzungumza juu ya utamaduni, mtu mmoja lazima atalisema neno hilo, na sisi wote tunapiga makofi. Mi pia nimepiga makofi mara nyingi. Lakini leo nataka kuuliza swali ambalo labda litakasirisha wengine: mila gani? Maana katika mambo ya chakula, hapa kwetu Lubumbashi, ile tunayoiita mila si mila, na ile iliyo mila ya kweli tunaionea haya.

Si zamani sana nilialikwa kwenye karamu ya ndoa katika komini ya Katuba. Meza ilijaa: mchele mweupe, bukari nyeupe kama pamba, kuku wa barafu wa kukaanga, viazi vya kukaanga, makayabu yenye kuogelea ndani ya mafuta, na sukre za kila rangi. Nilitafuta lenga-lenga, sikuona. Nilitafuta sombe, sikuona. Nilipouliza kwa sauti ndogo, mama mmoja aliyekuwa anatumika jikoni alinijibu: "Baba, majani iko, lakini tulipika ya shiye benyewe. Nani ataweka majani mbele ya bageni? Batasema tuko bamasikini."

Basi nilikwenda jikoni, na nilikula vizuri kupita bageni wote. Lakini jibu la yule mama lilinibakia moyoni. Majani ni ya wapishi. Bageni wapewe mafuta, chumvi na sukari. Na bageni wale wakubwa wa mezani, ambao ninawajua vizuri, zaidi ya mmoja alikuwa na vidonge vya tansio ama vya diabeti ndani ya mfuko wa koti.

Yaya wangu na pande mbili

Sisemi hivi kwa kuwa nimesoma tu. Yaya wangu alifanya kazi ya kampani miaka mingi, akatoka pamoja na wale zaidi ya 10.000 walioacha kazi ya Gécamines kwa malipo katika miaka ya 2003 na 2004. Miaka michache nyuma ya pale, munganga alimwambia kwamba ana ugonjwa wa sukari. Akamwandikia vidonge, akamwomba apunguze bukari, sukre na mikate, aongeze majani na maharagi, atembee kwa miguu.

Toka siku ile yaya alivutwa na pande mbili. Upande wa kwanza ulikuwa nyumbani. Alipowekewa bukari ndogo, alikasirika: "Munanikatazaka bukari, munataka nikufe na njaa? Mi niko mbuzi, nikule majani?" Na wandugu walipomtembelea walileta sukre na bitumbula, kwa sababu kumtembelea mgonjwa mikono mitupu ni haya. Tulimwua polepole kwa upendo wetu.

Upande wa pili ulikuja miaka michache baadaye, wakati alipochoka na vidonge. Katika duka moja la dawa za majani, jina silitaji, alinunua unga wa kijani ndani ya kopo. Aliambiwa kwamba ni dawa ya bankambo, inamaliza diabeti kwa miezi mitatu, na vidonge vya kizungu avitupe. Alivitupa. Kidonda kidogo cha mguu hakikupona, kikaoza, na mguu ukakatwa chini ya goti. Aliishi miaka miwili tu nyuma ya pale.

Ndugu msomaji, ninaandika karatasi hii juu ya pande zote mbili: wale wenye kudharau byakula bya kwetu, na wale wenye kubiuza kama miujiza. Wanaonekana kuwa maadui, lakini ni mapacha. Wote wawili hawajui bankambo walikula nini, na kwa nini.

Bukari hii ilikuja na treni

Tuanze na bukari, kwa sababu mtu wa Lubumbashi asipokula bukari anasema hajakula. Watu wengi wanafikiri kwamba bukari nyeupe ya mahindi ndiyo chakula cha asili cha Katanga. Hapana. Mahindi yenyewe yalitoka Amerika, sawa na muhogo na kalanga, yakafika kwetu kwa njia ya Wareno na wachuuzi. Bankambo wa nchi hii, Balamba, Basanga, Baluba na wengine, walisaga masaka na malezi, na baadaye muhogo na mahindi. Bukari yao ilikuwa na rangi: nyekundu, ya majivu, ya kahawia. Na ilikuwa na pumba ndani.

Bukari nyeupe ya kila siku, kwa kila mtu, ilikuja na treni. Union Minière iliundwa mwaka 1906. Treni toka kusini ilifika Elisabethville mwezi wa Septemba 1910, na mwaka 1911 shaba ya kwanza ikayeyushwa hapa Lubumbashi. Kampani ilihitaji kulisha maelfu ya wanaume waliotolewa mbali, na wakati ule bunga nyingi ililetwa na treni toka Rhodesia. Bunga yenye pumba na kiini cha mbegu haikai, inachacha upesi kwa sababu ya mafuta yaliyo ndani ya kiini. Bunga nyeupe inakaa, inapakiwa, inapimwa, inahesabiwa. Njo maana ilipendwa na wenye magala.

Hivyo ikazaliwa mposho. Wazee wa kambi wanaikumbuka vizuri: kila juma bunga kadhaa, maharagi kadhaa, samaki, mafuta, chumvi. Tusiwe bila shukrani: mposho ililisha familia nyingi, na wakati Gécamines ilipoanguka katika miaka ya 1990, njaa iliingia katika nyumba ambazo hazikuwa zimeijua. Lakini tufahamu mposho ilikuwa nini. Ilikuwa chakula kilichopimwa ili mwanaume apate nguvu ya kusukuma gari la mawe toka asubuhi hadi jioni. Baba aliyekula mlima wa bukari aliuchoma wote kabla ya jua kushuka.

Leo mtoto wake amekaa ofisini, ama katika taksi, ama chini ya mwavuli akiuza uniti za telefone. Hasukumi gari la mawe. Lakini mlima wa bukari umebaki uleule, na tunauita mila. Mimi nasema: ile si mila ya bankambo, ni mila ya kambi. Tumeacha kazi ya kambi, tumebaki na sahani yake.

Na bado tumeizidisha. Peleka mahindi yako kwenye mulini ya karibu, uangalie. Mama anaomba mahindi yakobolewe kwanza ili bunga itoke nyeupe. Pumba na kiini, pale ambapo kuna nyuzinyuzi, vitamini na mafuta mazuri, vinatiwa katika mfuko mwingine na kuuzwa kwa wenye nguruwe na kuku. Sisi tunabaki na wanga mtupu, na tunalipa zaidi. Nguruwe wa Lubumbashi anakula vizuri kupita mwenye nguruwe.

Wenye elimu wanasema nini

Wengine watasema hizi ni hadithi za wazee. Basi tuwasikilize wenye elimu. Hugh Trowell, munganga Mwingereza, alifanya kazi Kenya na Uganda kuanzia mwaka 1929, karibu miaka 30. Mwaka 1956 yeye na mwenzake waliandika katika gazeti la waganga juu ya Mwafrika mmoja tu mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, kwa kuwa lilikuwa jambo la kushangaza. Mwaka 1975 alitoa kitabu pamoja na Denis Burkitt, aliyekuwa pia amefanya kazi Uganda, wakisema kwamba sukari na nafaka zilizokobolewa zinaleta magonjwa ambayo katika vijiji vya Afrika hayakujulikana sana. Si kila neno lao limesimama. Lakini juu ya nyuzinyuzi hawakukosea: mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani, OMS, lilishauri kwamba mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku, na gramu 400 za mboga na matunda.

Na kuna ushuhuda wa karibu zaidi. Mwezi wa Aprili 2025 watafiti wa Tanzania na Uholanzi walitangaza jaribio walilofanya Kilimanjaro na wanaume 77 wenye afya. Wale waliozoea byakula bya kijijini walipewa kwa juma mbili chakula cha kizungu: sosisi, mikate myeupe, viazi vya kukaanga. Wale wa mjini walipewa byakula bya kienyeji: maharagi, mboga, ndizi za kupika, nafaka zisizokobolewa. Kundi lingine lilikunywa mbege, kinywaji cha ndizi na ulezi kilichochachishwa, kwa juma moja. Kwa juma mbili tu damu ya wale wa kwanza ilionyesha alama za uvimbe wa ndani, ule unaotayarisha njia ya diabeti na magonjwa ya moyo. Kwa wale wa pili alama hizo zilishuka, na kwa wanywaji wa mbege vilevile. Ni jaribio dogo, la wanaume peke yao na la siku chache; halituruhusu kusema kwamba mbege ni dawa. Lakini linatuonyesha kwamba mwili unasikia haraka kile tunachoweka mezani.

Hapa kwetu pia hatukukosa wenye kuandika. François Malaisse alitoa mwaka 1997 kitabu kikubwa juu ya namna ya kujilisha na pori letu la miombo: bowa, finkubala, matunda, mizizi, asali. Na mwaka 2004 kilitoka kitabu Byakula, chini ya uongozi wa Pierre Petit, juu ya chakula cha wakaaji wa Lubumbashi. Elimu ipo katika maktaba, lakini katika masahani yetu haijafika.

Hekima ilikuwa katika kazi

Tuangalie sasa byakula byenyewe, bila kubipamba.

Lenga-lenga, matembele, sombe, majani ya maboga: haya yanajaza tumbo kwa sukari kidogo, yana nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari ya bukari kuingia katika damu, na yana potasiamu inayosaidia tansio. Maharagi na kunde vilevile. Pamoja na hayo yanaleta protini. Kalanga iliyosagwa ndani ya majani inaleta mafuta mazuri, hivyo mama hana haja ya kumimina nusu lita ya mafuta ya chupa. Finkubala, zikikauka vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Munkoyo, ule wa kweli wa uji wa mahindi na mizizi iliyopondwa, unachacha wenyewe na kupata utamu wake bila sukari ya dukani. Hakuna hata kimoja hapa kinachoponya diabeti. Lakini byote pamoja, kila siku, toka utoto, binachelewesha ama kuzuia. Hiyo ndiyo kazi ya chakula: kulinda. Kuponya ni kazi ya munganga.

Tena, hekima ya bankambo haikuwa ndani ya jani peke yake. Ilikuwa ndani ya kazi. Sombe mbichi ina sumu. Mama aliitwanga, akaichemsha muda mrefu, sumu ikatoka. Muhogo mchungu ulilowekwa majini siku tatu ama zaidi, kisha ukaanikwa. Mahali watu walipofupisha kazi hiyo, kwa njaa ama kwa haraka ya kuuza, waliona matokeo: mwaka 1938 munganga Trolli alieleza ugonjwa wa konzo kule Kwango, unaopoozesha miguu ya batoto na bamama kwa siku moja na hauondoki tena. Chakula kilekile, jani lilelile, muhogo uleule. Kilichokosa ni kazi. Kwa hiyo anayekuambia "ni ya asili, haiwezi kuumiza" hajui asili.

Nasi leo tunafupisha kwa namna yetu. Ili sombe iive upesi tunatia bikarbonati, ambayo ni sodiamu, ndugu ya chumvi, na inaua vitamini. Kisha tunatia chumvi yenyewe. Kisha kube za mchuzi, mbili ama tatu, ambazo ni chumvi zaidi. Kisha makayabu. OMS inasema chumvi isipite gramu tano kwa siku, kijiko kimoja kidogo. Sahani moja ya sombe ya namna hii inaweza kumaliza kijiko hicho peke yake. Na munkoyo tunautia sukari hadi kijiko kinasimama. Halafu tansio ikipanda tunasema tumerogwa.

Kuna wenye kujibu: "Bankambo walikufa wangali vijana, chakula yao iliwasaidia nini?" Ni swali zuri. Walikufa kwa malale, kwa ndui, kwa surua, kwa malaria, bamama kwa kuzaa, na miaka mingine kwa njaa. Hawakufa kwa sababu ya lenga-lenga. Leo tuna chanjo na lopitali. Yaani tunaweza kuishi miaka mingi kuliko wao. Ni uchungu basi kwamba ile miaka tuliyoongezewa na dawa tunaimaliza kwa uma na kijiko.

Na udongo?

Hapa nafika kwenye neno ambalo wapenzi wa mila hawalipendi. Tunasema: "Rudini kwenye majani!" Vizuri. Majani ya wapi?

Mji wetu ulikaa chini ya moshi wa kuyeyusha shaba miaka mingi. Pale upepo ulipopeleka ule moshi, udongo umebeba madini ambayo hayaondoki na mvua. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kati yao profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walitangaza kwamba watu wenye kukaa karibu na migodi na mitambo ya Katanga wana kobalti nyingi sana katika mkojo wao, na madini mengine pia. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba kwa watu wazima njia moja kubwa ni chakula, hasa mboga zilizolimwa katika udongo uliochafuka.

Basi mama aliyekunywesha bustani yake maji ya mto unaopita chini ya kiwanda, na kutuuzia lenga-lenga nzuri ya kijani, hana kosa; anatafuta mkate wa batoto. Lakini sisi wenye kuandika juu ya mila tuna kosa kama tunanyamaza. Haiwezekani kusifu jani na kukaa kimya juu ya udongo. Mwenye kupenda byakula bya bankambo lazima adai nchi ya bankambo iwe safi: mashamba ya mboga yapimwe, maji yapimwe, matokeo yabandikwe sokoni kwa lugha watu wanayosoma, na wenye kuchafua walipe. Hiyo pia ni kulinda mila, kupita ngoma na nguo za makumbusho. Wakati tunangoja, tuoshe majani vizuri ili kutoa mavumbi, na tukiweza tununue yale yanayotoka mbali na mitambo.

Tufanye nini

Sitaki kumaliza kwa maneno makubwa. Najua nyumba nyingi za mji huu zinakula mara moja kwa siku, na mtu wa njaa hahubiriwi nyuzinyuzi. Lakini ninayoomba hayazidi mfuko wa masikini. Mengi yanaupunguzia mzigo.

Kwenye mulini, tuombe bunga isiyokobolewa, hata nusu kwa nusu kwa kuanza. Rangi haitakuwa nyeupe; rangi si dhambi. Wenye kupata masaka na malezi wachanganye. Ndani ya sahani, bukari iwe kama ngumi na mboga ziwe mlima, si kinyume. Kube moja iondolewe, kisha ya pili. Kumtembelea mgonjwa, tubebe matunda ama kalanga, tuache sukre dukani. Mwenye tansio ama diabeti asiache vidonge vyake kwa neno la mtu yeyote mwenye kopo la unga, hata akitaja bankambo mara mia; dawa inabadilishwa na munganga peke yake. Na baba na bankambo wa kike walio hai, wenye kujua kutofautisha bowa wa kula na bowa wa kuua, wenye kujua mzizi wa munkoyo wa kweli, waulizwe sasa, na batoto waandike. Kila matanga tunazika maktaba moja.

Juu ya haya, katika familia yetu tumekata neno moja, dogo. Tangu yaya alipozikwa, hakuna karamu ya ukoo wetu, ndoa ama ubatizo ama matanga, ambapo lenga-lenga na maharagi vinabaki jikoni. Vinawekwa mezani mwanzo, katika sahani kubwa, mbele ya bageni wakubwa. Mara ya kwanza shangazi mmoja aliona haya, akataka kurudisha sahani. Mjomba, mwenye diabeti toka miaka kumi, alimshika mkono: "Acha hapa, dada. Hii njo ya kwangu." Sahani ilirudi jikoni tupu.

Nyinyi mnaosoma, mtafanya karamu mwaka huu. Mtaweka nini mezani?